Riwaya na kitabu cha maarifa ndani ya mwezi: kimoja kimoja, sambamba, au kwa jozi?

Anayetaka kusoma riwaya moja na kitabu kimoja cha maarifa ndani ya mwezi, hapa Lubumbashi, ana njia tatu. Anaweza kumaliza kimoja ndipo aguse cha pili. Anaweza kwenda navyo vyote viwili kila siku, kila kimoja kikiwa na saa yake. Au anaweza kutafuta riwaya na kitabu cha maarifa vinavyozungumzia jambo moja, avisome vikijibizana. Njia zote tatu hufika. Tofauti iko katika saa zinazodai, mwanga zinaodai, na namna zinavyovumilia siku iliyoharibika. Kosa la wengi ni kuchagua vitabu kwanza, kisha kuhangaika kutafuta muda wa kuvisoma. Tazama kwanza siku yako ilivyo, mabuku yafuate.

Pima mwendo wako kabla ya kununua

Shika riwaya yoyote, soma kimya dakika 10 kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu kurasa, zidisha mara 6. Fanya vivyo hivyo na kitabu cha historia au cha uchumi. Utapata nambari mbili zilizoachana. Tuseme umepata kurasa 25 kwa saa kwa riwaya na 15 kwa historia. Ukisoma nusu saa kwa siku, siku 26 (Jumapili nne tunaziachia ibada na wageni), una saa 13. Saa hizo zinatosha kurasa 325 za riwaya peke yake, au 195 za historia peke yake. Ukizigawa nusu kwa nusu unabaki na kurasa 162 za riwaya na 97 za historia.

Nambari hizo zikae mbele ya macho. Mtu mwenye nusu saa kwa siku akinunua riwaya ya kurasa 400 na historia ya kurasa 500, ameshashindwa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, na mwisho wa mwezi atajilaumu kwamba ni mvivu. Si mvivu. Hakupiga hesabu.

Pima pia kwa lugha. Wengi wetu tulifundishwa kusoma kwa Kifaransa, na Kiswahili tunakiongea nyumbani na sokoni. Kiswahili cha vitabu vya Tanzania na Kenya si kile cha mitaa yetu ya Lubumbashi, Katuba au ile Kenya yetu: hapa tunasema watoto wameenda ku masomo, kitabu kinasema wameenda shule, hapa ni buku, kule ni kitabu. Kurasa 30 za kwanza huenda polepole, halafu mwendo unapanda, kwa sababu kila mwandishi ana maneno yake na huyarudia. Kwa hiyo usipime kasi yako ya Kiswahili sanifu kabla ya kuvuka kurasa hizo 30, na usisimame kwenye kila neno usilolijua. Lipigie mstari mwembamba kwa penseli, endelea. Likikutokea mara ya tatu bila kueleweka, hapo fungua kamusi.

| | Kimoja kimoja | Sambamba | Kwa jozi |
|---|---|---|---|
| Muda | nafasi moja kwa siku | nafasi mbili zilizoachana | vipindi virefu, hasa wikendi |
| Vitabu | vyovyote utakavyopata | mada zilizo mbali | lazima vioane |
| Hatari | cha kwanza kula mwezi wote | kimoja kumeza kingine | kukosa kitabu kimoja |
| Kuandika | kidogo | asubuhi tu | kila kipindi |

Kimoja kimoja

Hii ndiyo njia ya mwenye nafasi moja tu kwa siku, na ya mfanyakazi wa zamu. Mtu anayebadilisha zamu kila wiki mgodini hawezi kujipangia kwamba "asubuhi hiki, usiku kile", maana asubuhi yake ya wiki hii ni usiku wake wa wiki ijayo.

Anza na riwaya. Riwaya hupoa kama bukari (ugali): ukiiacha siku tatu, majina yamechanganyika, sauti ya msimulizi imepotea, na unarudi nyuma kurasa kumi kutafuta ni nani aliyekuwa amekasirika na kwa nini. Kitabu cha maarifa kina vichwa vya sura, vichwa vidogo na faharasa, kinakungoja. Kwa hiyo riwaya ipewe siku zile za mwanzo wa mwezi ambapo hamu bado mpya na mapengo ni machache.

Siku ya kwanza soma kurasa 40 kwa mkao mmoja. Hata kama kawaida yako ni nusu saa, siku hiyo tafuta saa moja na nusu, Jumamosi mchana kwa mfano. Waandishi wengi huwaingiza watu wao humo, na msomaji anayezikata kurasa hizo vipande vitano hujikuta hamjui mtu yeyote. Kata karatasi ndogo, uiweke ndani ya jalada, uandike jina la kila mtu anayetokea mara mbili pamoja na neno moja linalomtambulisha: mjomba, mpangaji, padri. Majina manane au kumi yanatosha. Ukilazimika kuacha zaidi ya siku mbili, usirudi pale ulipoishia. Rudi kurasa tatu nyuma, kisha songa.

Panga siku ya kubadilisha, nayo iheshimiwe. Siku ya 15 inafaa. Ikifika na riwaya imebakiza kurasa 60, tafuta jioni moja umalize. Imebakiza 150? Ifunge, anza kitabu cha pili, riwaya iende mwezi ujao. Hilo linauma, najua, lakini asiyelifanya huishia kila mwezi na riwaya moja na historia ambayo haijafunguliwa.

Kwa nusu hii ya kwanza chukua riwaya isiyozidi kurasa 200. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, ana mbili zinazoenea vizuri: *Entre les eaux* ya 1973 na *Le bel immonde* ya 1976. Ni fupi, lakini si nyepesi. Pima mwendo wako humo humo ndani, usitegemee ule wa riwaya nyingine.

Kitabu cha maarifa katika njia hii husomwa kwa kuchagua. Vitabu vingi vilivyochapwa Ufaransa na Ubelgiji huweka yaliyomo mwishoni, si mwanzoni, kwa hiyo fungua nyuma kwanza. Soma utangulizi wote, soma hitimisho, halafu chagua sura tatu au nne. Angalia pia tanbihi na orodha ya marejeo zinaanzia ukurasa gani: kitabu kinachoonekana na kurasa 550 mara nyingi kina kurasa 450 tu za kusoma, na kujua hilo siku ya kwanza hupunguza woga. *Histoire générale du Congo* ya Isidore Ndaywel è Nziem, ya 1998, ina zaidi ya kurasa 900. Hakuna haja ya kujidanganya kwamba inaingia katika siku 13. Chukua kipindi kimoja, tuseme miaka ya kuelekea uhuru, ukisome vizuri, ukirudishe rafu.

Sambamba

Hapa unahitaji nafasi mbili zilizoachana ndani ya siku moja: dakika 20 asubuhi na nusu saa usiku, kwa mfano. Kwa mwendo ule ule wa hapo juu, asubuhi za siku 26 zinakupa karibu kurasa 130 za maarifa, na usiku unakupa kurasa 325 za riwaya. Linganisha na njia ya kwanza: kwa kuongeza dakika 20 tu kwa siku, riwaya imekuwa maradufu. Na kichwa kinapumzika, kwa kuwa aina mbili za kusoma hazichoshi mahali pamoja.

Maarifa asubuhi, riwaya usiku. Usigeuze, na sababu yake kubwa ni mwanga. Mwezi wa sita jua letu huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na msimu wa mvua huongeza kama nusu saa tu. Baada ya hapo uko mikononi mwa umeme, na delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) haitoi taarifa. Riwaya inasomeka kwa torshi au kwa taa ndogo ya jua: mistari ni mirefu, herufi ni za kawaida, mkono mmoja unashika buku na mwingine taa. Kitabu cha maarifa kina ramani, majedwali na tanbihi za herufi ndogo, na kinataka biki na kaye (kalamu na daftari). Mkono wa tatu hatuna. Anayejaribu kuandika maelezo kwa mwanga wa mshumaa huacha kuandika siku ya nne, na kuacha kusoma siku ya saba.

Kama riwaya iko kwenye simu, tafuta faili la EPUB. Maandishi yake hujipanga upya kwa upana wa skrini, unaongeza ukubwa wa herufi, na riwaya isiyo na picha kwa kawaida haimalizi hata mega mbili. PDF haijipangi. Ukurasa ulioandaliwa kwa karatasi kubwa unabaki vile vile, unauvuta kushoto na kulia kwa kila mstari, na iliyotokana na kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa inaweza kumeza mega makumi. Ndiyo maana kitabu cha maarifa cha PDF kwenye simu ndogo ndicho kitu kinachowashinda watu wengi kuliko vyote. Bora kukipeleka kwa wenye fotokopi wakuchapie zile sura tatu ulizochagua. Waambie waache nafasi upande wa kuunganishia; wasipoiacha, herufi za ndani zinamezwa na uzi au pini.

Asubuhi usiandike sana. Mstari mmoja wa kaye kwa kila kurasa tano unatosha, ukiwa na nambari ya ukurasa mwanzoni. Anayenakili aya nzima hajasoma, amenakili. Anayepigia mstari kila sentensi atarudi baada ya wiki mbili na kukuta ukurasa wote umepigwa mstari, asijue kilichomgusa kilikuwa kipi.

Njia hii huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni mada kukaribiana: historia ya vita asubuhi na riwaya ya vita usiku, baada ya siku kumi hujui jambo fulani ulilisoma wapi, na unaanza kusimulia kitu cha kubuni kama habari ya kweli. Katika sambamba vitabu viwe mbali: kilimo na mapenzi, afya na upelelezi, uchumi na hadithi za utotoni. Ya pili ni riwaya kuiba asubuhi inapofika mahali pa moto. Iruhusu siku mbili, si zaidi. Siku ya tatu kitabu cha maarifa kirudi mezani kabla ya chai, hata kwa kurasa mbili tu.

Kwa jozi

Kati ya njia tatu hii ndiyo yenye faida kubwa zaidi, na ndiyo ngumu kuipanga. Haifai kwa vipande vya dakika 20. Inataka vipindi virefu: saa tatu za Jumamosi na jioni mbili za saa moja katikati ya wiki, yaani saa 20 kwa mwezi. Riwaya ya kurasa 200 itachukua saa 8. Katika saa 12 zinazobaki toa theluthi moja kwa ajili ya kuandika, unabaki na saa 8, ambazo ni kurasa 120 za maarifa.

Jozi moja inayomfaa msomaji wa mji huu ni mgomo. *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inamfuata Rashidi, mchukuzi wa bandarini Zanzibar, hadi mgomo wa 1948. Sisi tuna mgomo wetu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, walidai nyongeza ya mshahara, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, askari wakawafyatulia risasi, na makumi waliuawa. Katika historia yoyote nene ya Kongo fungua faharasa mwishoni, tafuta "Élisabethville" na "Union Minière", ufuate kurasa za 1941. Hazitakuwa nyingi, na ndiyo maana riwaya inahitajika kando yake: historia inakupa tarehe, madai na waliokufa, riwaya inakupa mgongo unaouma na watu wanaoambizana kwa sauti ya chini kwamba kesho hatuendi.

Mpangilio ni huu. Anza na kitabu cha maarifa, kurasa 30 au 40 tu, upate miaka na majina ya mahali. Kisha riwaya yote, mfululizo. Kisha urudi kwa kurasa za maarifa zilizobaki. Ukianza na historia yote utaisoma riwaya kama mtihani, ukitafuta makosa. Ukianza na riwaya utachukua alichobuni mwandishi ukakiita historia.

Gawa ukurasa wa kaye kwa mstari wa katikati. Kushoto ni riwaya, kulia ni maarifa, kila mstari na nambari yake ya ukurasa. Usijaze pande zote mbili kwa wakati mmoja. Jaza kushoto unaposoma riwaya, acha kulia patupu, na patupu pale ndipo patakapokuonyesha cha kutafuta ukirudi kwenye historia. Kushoto umeandika "wanajadiliana nani atawaamini". Kulia hakuna kitu: basi unauliza, wale wa 1941 walikutanaje, wapi, nani alizungumza? Swali hilo usingelipata kwa kusoma historia peke yake. Ila kumbuka bandari si mgodi na Zanzibar ya Waingereza si Katanga ya Wabelgiji. Safu mbili ni za kulinganisha, si za kuchanganya.

Jozi ya pili iko mlangoni petu kabisa. *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, ilitoka mwaka 2014. Mji wake hauna jina, lakini migodi na baa vinatosha kumwambia mtu wa hapa yuko wapi. Si kitabu cha kukimbia: sentensi ni ndefu na maneno yanarudi kama kiitikio cha muziki, kwa hiyo punguza makadirio yako ya kasi kwa robo. Kando yake weka *Vocabulaire de ville de Elisabethville* ya André Yav, ya 1965, historia ya mji iliyoandikwa upande wa maboyi waliofanya kazi nyumbani kwa Wazungu, kwa Kiswahili cha hapa hapa. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, na matini yake inapatikana bure kwenye intaneti. Mwanzoni itakutisha, kwa kuwa maneno yameunganishwa na kukatwa mahali usipotarajia. Isome kwa sauti. Jicho linakataa, sikio linatambua mara moja, maana ndivyo wazee wa mji wanavyoongea. Ni hazina, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa Lubumbashi hawajui kama ipo.

Ugumu wa jozi ni kupata vitabu. Kwa njia mbili za kwanza unasoma chochote mezani. Hapa ukikosa kimoja, jozi imekufa. Usianze mwezi kabla vyote viwili havijawa mkononi.

Kabla ya kulipa, na kabla ya kuazima

Vitabu vilivyotumika vikaguliwe mahali palepale. Kitabu hutengenezwa kwa karatasi kubwa zilizokunjwa, na kila mkunjo kwa kawaida ni kurasa 16 au 32. Gundi ya mgongo ikikauka, mkunjo mzima hutoka mara moja. Kwa hiyo usitafute ukurasa mmoja uliopotea; pitisha kidole gumba ukitazama nambari kwa hatua kubwa. Ukitoka 96 ukaingia 113, kurasa 16 zimekwenda, na muuzaji huenda hajui. Tazama ukurasa wa mwisho, kwa sababu huo ndio unaochanika wa kwanza. Fungua katikati polepole: ukisikia mlio wa kukatika, buku hilo lisomwe juu ya meza, lisikunjwe kwenye taksibisi. Msimu wa mvua linuse. Harufu ya ukungu ikiwa kali, usiliweke kifuani kitandani kama una pumu.

Ukiazima, iwe mediateki (maktaba) ya Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Ufaransa, au maktaba ya chuo kikuu, uliza muda wa kuazima kabla ya kuchagua njia. Wiki mbili tu kwa kitabu kinakusukuma kwenye kimoja kimoja, upende usipende. Azima riwaya kwanza, irudishe, ndipo uchukue historia.

Kwa muuzaji wa sokoni ambaye wateja wanamkatisha kila baada ya dakika tano, riwaya ndefu mchana ni mateso katika njia yoyote ile. Awe na hadithi fupi za kurasa 10 hadi 15, au kitabu cha maarifa chenye vichwa vidogo vingi, na riwaya aiache nyumbani. Mwalimu mwenye lundo la mitihani ya kusahihisha asijaribu jozi mwezi huo. Sambamba itamfaa, dakika zake 20 za asubuhi zikiwa kabla ya kugusa karatasi za wanafunzi. Watu wawili au watatu wanaotaka kusoma pamoja, hao ndio wa jozi: mmoja anashika riwaya, mwingine historia, wanabadilishana siku ya 15, na gharama ya vitabu inagawanyika.

Siku ya 28 ikifika na kitabu hakijaisha, bandika kipande cha karatasi pale ulipofika, uandike juu yake mistari mitatu: ukurasa, mtu au hoja iliyokuwa mbele yako, na swali ulilokuwa unasubiri jibu lake. Karatasi ibaki humo humo ndani, hata kama buku litakaa rafuni hadi kiangazi.